Jani la Pamba Shuleni: Kuwafunza Wanafunzi Namna Nuru Igeukavyo Kuwa Mazao

Mwanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, awe wa Kishapu, wa Kahama au wa Geita, akiulizwa mmea hupata wapi chakula chake, atajibu bila kusita kwamba hujitengenezea kwa maji, hewa ya ukaa na mwanga wa jua. Mwanafunzi huyo huyo akipelekwa shambani mwezi wa tano, akasimamishwa mbele ya mche wa pamba uliopasua vitumba, kisha akaulizwa uzito wote wa mche ule umetoka wapi, aghalabu atajibu kwamba umetoka udongoni. Majibu hayo mawili hayapatani. La kwanza limekaririwa kwa ajili ya mtihani. La pili ndilo analoliamini.

Jambo hili lavihusu vyama vya msingi kuliko linavyoonekana. Watoto hao ndio watakaolima pamba, dengu, mpunga na mtama baada ya wazazi wao. Ndio watakaokabidhiwa funguo za ghala la pembejeo na kutakiwa kusoma maandishi yaliyo juu ya chupa ya dawa. Aidha, elimu ni mojawapo ya kanuni za ushirika tangu zamani, na chama kinachokaa jirani na shule kina vitu vingi vinavyoweza kumfaa mwalimu: mizani, mbegu, magunia, na zaidi ya hayo wakulima wenye ujuzi. Makala haya yaeleza kazi inayofanyika ndani ya jani, kama inavyofahamika kwa sayansi ya leo, na namna mwalimu aweza kuifundisha kwa vitu vilivyopo kijijini.

Uzito wa mche watoka wapi

Swali hili ni la kale. Mnamo mwaka 1648 kilichapishwa kitabu cha daktari mmoja wa nchi iitwayo sasa Ubelgiji, Jan Baptist van Helmont, aliyekuwa amekwisha kufariki. Humo alieleza kwamba alipanda mche mdogo katika pipa la udongo uliokaushwa na kupimwa, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti uliongezeka uzito kwa kilo 70 na zaidi, ilhali udongo ulipungua gramu 57 hivi. Aliamua kwamba mti wote umetokana na maji. Hapo alikosea, kwa kuwa hakuifikiria hewa. Lakini mizani yake ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba udongo sio uliogeuka kuwa mti.

Leo hesabu yaweza kufanywa kwa karatasi na penseli. Pamba nyuzi, baada ya mbegu kutolewa kiwandani, karibu yote ni selulosi, yaani vipande vya sukari vilivyofungamana kwa mnyororo mrefu. Ili kupata kilo moja ya selulosi, mmea hauna budi kuchukua zaidi ya kilo moja na nusu ya hewa ya ukaa. Hewa hiyo ni haba mno: katika kila sehemu 10,000 za hewa tuivutayo, sehemu 4 na kitu tu ndizo hewa ya ukaa. Kwa hiyo kilo moja ya pamba nyuzi imechujwa kutoka katika meta za ujazo zaidi ya 2,000 za hewa. Hilo ni ghala refu la meta 50, pana meta 10 na lenye kimo cha meta 4, likiwa limejaa hewa tupu.

Watoto wa Geita hawatalishangaa hilo, kwa kuwa wamezaliwa katika nchi ambamo kitu cha thamani hutafutwa ndani ya kitu kingi kisicho na thamani. Katika mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa upya na kuanza uzalishaji mwaka 2000, tani nzima ya mwamba hutoa gramu chache tu za dhahabu. Wachimbaji wadogo nao huteremka katika maduara, hubeba mawe, huyasaga kwa makarasha na kuyaosha mialoni kwa ajili ya punje isiyojaza ukucha. Jani lafanya uchimbaji wa namna hiyo, isipokuwa mwamba wake ni hewa, na halitoi moshi wala kelele.

Lakini jani nalo hulipa gharama. Ili hewa ya ukaa iingie, hufungua vitundu vidogo sana viitwavyo stomata, ambavyo vingi vimo upande wa chini wa jani. Vitundu hivyo vikifunguka, maji hutoka. Kwa kila molekuli moja ya hewa ya ukaa iingiayo, mamia ya molekuli za maji hupotea. Katika mkoa kama wa Shinyanga, ambako mvua huanza mwezi wa Novemba, huweza kukatika mwezi wa Januari au Februari, kisha hurudi hadi Aprili, biashara hii ya kuuza maji na kununua ukaa ndiyo inayoamua msimu utakuwaje.

Mtambo ulio ndani ya jani

Kazi hii yote huitwa usanisinuru, neno lililoundwa kwa usanisi, maana yake kuunganisha vitu vidogo kuwa kimoja, na nuru. Inafanyika ndani ya chembe za kijani ziitwazo kloroplasti, ambazo seli moja ya jani huwa nazo kwa makumi. Ndani ya kila kloroplasti mna tando nyembamba zilizopangwa kama sahani juu ya sahani, na ndani ya tando hizo ndimo mitambo ilimopachikwa. Kuiita mitambo si mapambo ya lugha. Ina viungo, ina madini, mmojawapo huzunguka kweli kweli, na huchakaa na kutengenezwa.

Rangi ya kijani ni ya dutu iitwayo klorofili. Katikati ya kila molekuli ya klorofili mna atomu moja ya magnesi iliyoshikwa na atomu nne za naitrojeni. Mamia ya molekuli hizi hupangwa pamoja mfano wa wavu. Mwali wa nuru ukipiga mojawapo, nguvu yake hurushwa kutoka moja hadi nyingine mpaka ifike penye jozi maalumu ya klorofili, na jozi hiyo huachia elektroni moja. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza: nuru imeng'oa elektroni. Yote yafuatayo ni safari ya elektroni hiyo.

Jozi iliyopoteza elektroni hudai nyingine, na deni hilo hulipwa kwa kupasua maji. Penye kazi hiyo pana kifundo kidogo cha atomu nne za manganizi, moja ya kalisi na tano za oksijeni, ambacho umbo lake kamili lilionyeshwa na wanasayansi wa Japani mwaka 2011. Kifundo hicho hung'oa elektroni moja moja. Miali minne ikishahesabiwa, molekuli mbili za maji huwa zimepasuliwa na molekuli moja ya oksijeni hutoka nje. Oksijeni yote tuivutayo kutoka katika mimea hutoka katika maji, wala si katika hewa ya ukaa. Jambo hili lilithibitishwa Marekani mwaka 1941 kwa kutumia oksijeni nzito iliyowekwa kama alama. Vitabu vingi vya shule huandika fomula kwa namna inayomfanya mwanafunzi aamini kinyume chake, na mwalimu hana budi kulisema hili waziwazi.

Elektroni iliyong'olewa hupokezwa kutoka kwa mchukuzi mmoja hadi mwingine. Njiani husababisha chembe zenye chaji, ziitwazo protoni, zisukumwe upande mmoja wa utando na kujazana humo. Mtu wa Shinyanga asiweze kulielewa jambo hili ni vigumu, kwa maana ndivyo lambo lilivyo: maji yamezuiwa upande mmoja wa tuta nayo yataka kutoka. Katika utando huo njia ya kutokea ni moja tu, nayo imewekewa gurudumu. Protoni zipitapo hulizungusha gurudumu hilo, na kila mzunguko mmoja hutoa molekuli tatu za dutu iitwayo ATP. Peter Mitchell wa Uingereza ndiye aliyetoa hoja ya lambo hilo, na kwa miaka mingi wenzake waliikataa. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1978. Gurudumu lenyewe liliwapatia Tuzo hiyo Paul Boyer na John Walker mwaka 1997.

Elektroni huendelea hadi katika mtambo mwingine wa nuru, hupigwa mwali mara ya pili, kisha huwekwa juu ya mchukuzi wa mwisho atakayeipeleka panapotengenezwa sukari. Hapa pana jambo linalowachanganya wanafunzi kila mwaka. Mtambo wa mwanzo katika safari huitwa wa pili, na wa mwisho huitwa wa kwanza, kwa sababu tu vilihesabiwa kwa jinsi vilivyogunduliwa. Kosa hilo la majina halirekebishiki tena, na afadhali mwalimu alitaje mapema kuliko kuliacha lijitokeze kwenye mtihani.

Makatibu wataielewa ATP upesi wakiifananisha na fedha taslimu iliyo kwenye kasha la chama. Haiwekwi akiba, hupatikana na kutumika papo hapo. Sukari inayosafirishwa kutoka jani hadi mzizi na kitumba ni kama shehena iliyo juu ya lori. Wanga ndio ghala: hujazwa mchana na kupunguzwa usiku, jua lisipokuwapo.

Makarani wawili wa mlangoni

Baada ya kupatikana fedha, hapana budi mali inunuliwe. Kimeng'enya kinachoipokea hewa ya ukaa na kuiunga katika sukari huitwa rubisko. Njia nzima ya kazi hiyo ilifuatiliwa huko California na Melvin Calvin pamoja na Andrew Benson na James Bassham, kwa kutumia ukaa wenye mionzi, na Calvin alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1961.

Rubisko ni karani mwenye kasoro mbili. Ya kwanza ni uvivu: huhudumia molekuli tatu hivi tu kwa sekunde, ambapo vimeng'enya vingine huhudumia mamia au maelfu. Kwa sababu hiyo mmea hulazimika kuajiri makarani wengi mno, na katika jani la pamba au mpunga rubisko peke yake yaweza kubeba karibu robo ya naitrojeni yote ya jani. Kasoro ya pili ni kukosea. Mara kwa mara huishika oksijeni akidhani ni hewa ya ukaa, na kosa hilo husahihishwa kwa kutumia nguvu nyingi na kupoteza sehemu ya ukaa uliokwisha kupokewa. Joto likizidi, makosa huongezeka, na hasara yaweza kufikia karibu robo ya kazi yote.

Mtama, mahindi, uwele na muwa zimepata dawa ya ugonjwa huo. Njia yao ilielezwa na Hal Hatch na Roger Slack huko Australia mwaka 1966, walipokuwa wakichunguza muwa. Mimea hiyo ina makarani wawili. Yule wa mlangoni ni kimeng'enya kingine, kisichoishika oksijeni kamwe. Yeye huipokea hewa ya ukaa katika seli za nje na kuipeleka katika chumba cha ndani kilichouzunguka mshipa wa jani, na humo ndimo rubisko alimofungiwa. Kwa kuwa hewa ya ukaa imejazana humo, rubisko hapati nafasi kubwa ya kukosea. Mmea hulipa ATP zaidi kwa huduma hiyo. Lakini penye jua kali na joto hulipwa na faida inabaki. Faida nyingine ni kwamba vitundu vya jani vyaweza kufunguliwa kidogo tu, na maji yakaokolewa. Katika majaribio yaliyofanywa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, mtama ulihitaji lita 300 na ushei za maji kujenga kilo moja ya mwili wake mkavu, na pamba ilihitaji karibu mara mbili ya hizo.

Wazee waliopanda mtama na uwele katika nchi ya Usukuma hawakuwa na haja ya kuambiwa haya ili wajue zao lipi huvumilia Januari isiyo na mvua. Lakini kijana aliyefundishwa sababu aweza kuendelea na hesabu pale desturi inapokoma: kwamba dengu, karanga, alizeti, mpunga, mihogo na viazi viko upande mmoja na pamba, na kwamba nyasi nyingi za ngitili ziko upande wa mtama ilhali migunga iliyo ndani ya ngitili hiyo hiyo iko upande wa pamba. Tangu mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa jina la HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilifufuliwa katika vijiji vingi, na darasa linaweza kuona aina zote mbili za jani bila kutembea mbali.

Darasani na shambani

Fomula ikiandikwa ubaoni hukaririwa kwa siku moja. Mtambo ukichezwa hudumu zaidi. Mwalimu na awapange wanafunzi kumi na wawili kwa mstari uwanjani. Wa kwanza ni mpasua maji, naye ana kikapu cha punje za mahindi, kila punje ikiwa elektroni. Mwingine apige ngoma, na kila pigo ni mwali mmoja wa nuru. Kwa kila pigo mpasua maji hutoa punje moja tu na kumkabidhi jirani yake, naye humkabidhi wa pili, hadi punje ifike mwisho. Kila pigo la nne, na si kabla, mpasua maji hupaza sauti kwamba oksijeni imetoka. Katikati ya mstari, kila punje ipitapo, mwanafunzi mmoja hutupa kokoto ndani ya duara lililochorwa chini, nalo ndilo lambo la protoni; na kokoto zikijaa, mwenzake hujizungusha mara moja na kutangaza ATP tatu. Ngoma ikinyamaza, kila kitu husimama. Hakuna mtoto atakayehitaji kuambiwa tena kwa nini usiku jani halitoi oksijeni.

Jaribio la wanga lahitaji vitu vichache: iodini, spiriti, karatasi nyeusi na vibanio. Jani laini, kama la maharage au kiazi vitamu, hufunikwa sehemu yake pande zote mbili tangu jioni, na huchumwa alasiri ya siku ifuatayo au ya pili yake. Huchovywa katika maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha huwekwa ndani ya gilasi ya spiriti hadi rangi ya kijani itoke. Gilasi hiyo isiwekwe motoni kamwe. Iwekwe ndani ya sufuria ya maji ya moto iliyokwisha kuepuliwa, na moto uwe mbali, maana mvuke wa spiriti huwaka. Jani likishaoshwa hudondoshewa iodini. Palipopata nuru pataingia weusi wenye kuelekea bluu, na palipofunikwa pataonyesha rangi ya iodini tu.

Jaribio hilo hilo likifanywa kwa jani la mahindi lililokaa juani mchana kutwa, na likitazamwa kwa kioo cha kukuza, weusi huonekana zaidi katika mistari iliyofuata mishipa. Mistari hiyo ndiyo vyumba vya ndani vilivyotajwa hapo juu, ambamo rubisko hufanya kazi na wanga huhifadhiwa. Ni mara chache jambo la molekuli kuweza kuonekana kwa gharama ndogo namna hiyo, na inasikitisha kwamba jaribio hili halifanywi mara nyingi.

Kwa kuona oksijeni, magugu yaotayo ndani ya maji ya lambo au ya ziwa hutiwa katika gilasi ya maji na kuwekwa juani. Viputo hutoka, gilasi ikitiwa kivulini hupungua. Magugu maji yanayoelea juu hayafai kwa kazi hii. Katika vijiji vya uchimbaji, wanafunzi wasitumwe kuteka maji wala magugu karibu na mialo, kwa sababu ya zebaki.

Jambo la lugha nalo halina budi kutajwa. Shule ya msingi ya serikali hufundisha sayansi kwa Kiswahili, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, hivyo maneno si haba. Katika sekondari lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na kila kitu hupewa jina jipya. Aliyekariri jina hupoteza vyote siku hiyo. Aliyepiga ngoma na kupokeza punje hubadilisha jina tu, maana kitu chenyewe amekwisha kukishika.

Yanayoharibu kazi ya jani

Sehemu hii ndiyo inayomgusa mwanachama mfukoni. Tuanze na naitrojeni. Mche wa pamba uliopandwa katika ardhi ya luseni iliyochoka huanza kunjano majani ya chini kabla ya yale ya juu. Mmea haukosi nuru. Umekosa naitrojeni ya kuajiri makarani wake, basi huvunja mitambo ya majani makuukuu na kuipeleka naitrojeni yake katika majani machanga. Chuma kikikosekana hali huwa kinyume: majani machanga hupauka kwanza, mishipa yakibaki ya kijani, kwa kuwa chuma hakihamishiki kwa urahisi. Mtoto anayejua kutofautisha hayo mawili amempunguzia baba yake ununuzi wa mbolea isiyohitajika. Samadi ya ng'ombe, ambayo haikosekani Usukumani, hurudisha naitrojeni hiyo, na kwa mche mmoja mmoja tofauti huonekana kwa macho katika majuma machache.

Nuru inayoanguka juu ya udongo mtupu imepotea. Mistari iliyoachana mno, na miche iliyokufa bila kujaziwa, ni sawa na kiwanda kilichofunga nusu ya mashine zake. Ndiyo sababu maafisa ugani husisitiza nafasi za kupanda na kupunguza miche kwa wakati, na ndiyo sababu pia pamba iliyochelewa kupandwa hutoa kidogo hata ikipewa mbolea: majani yake hukamilika wakati mvua zinakwisha, vitundu hufungwa, na jua kali hubaki bila kazi. Tena jua hilo lisilo na kazi huharibu. Sehemu moja ya mtambo wa kupasua maji huungua kwa nuru na hubadilishwa kila mara, kama mkanda wa mashine. Mmea wenye kiu huwa mzito kuubadilisha.

Vidukari hawaharibu mtambo bali huiba bidhaa. Hutoboa mshipa unaosafirisha sukari, hunywa zaidi ya wanavyohitaji, na ziada huidondosha chini kama umande mtamu. Ukianguka juu ya vitumba vilivyopasuka, pamba hunata, mashine za kusokota hukwama, na sifa ya pamba hushuka. Sukari ile ni ile ile iliyotakiwa kuwa nyuzi. Utafiti wa mbegu uliofanywa Ukiriguru, karibu na Mwanza, tangu miaka ya 1930, ambao mbegu za UK 91 na UKM08 zimetokana nao, uliwajali sana wadudu wafyonzao: vinyweleo vilivyo juu ya jani la pamba, ambavyo mtoto aweza kuvihisi kwa kidole, vilichaguliwa kwa makusudi ili kuwazuia wadudu wadogo warukao wanaofyonza majani.

La mwisho, na ambalo makatibu wanaombwa walizingatie zaidi, ni dawa za kuua magugu. Baadhi yake huua kwa kuuziba mtambo ulioelezwa hapo juu. Atrazini, itumiwayo katika mahindi, hukaa mahali pale pale anapokaa mmoja wa wachukuzi wa elektroni, na mstari wote husimama. Nuru huendelea kupiga, nguvu haina pa kwenda, na jani hujiunguza lenyewe. Katika mchezo wa uwanjani hili laonyeshwa kwa kumkalisha mwanafunzi asiyepokea chochote katika nafasi ya mchukuzi mmoja: kwa mapigo machache ya ngoma punje zitarundikana na oksijeni itakoma. Mahindi na mtama hayafi kwa sababu yana uwezo wa kuivunjavunja sumu hiyo kabla haijaleta madhara makubwa. Pamba, dengu, maharage na alizeti hazina uwezo huo. Kwa hiyo chupa ya atrazini isitolewe ghalani kwa mkulima wa pamba kwa maelezo kwamba ni dawa ya magugu tu. Bomba lililotumika katika mahindi lioshwe kwa uangalifu kabla ya kuingia katika pamba. Na shamba lililonyunyiziwa mwaka huu lisipandwe dengu mara baada ya mahindi bila kumwuliza afisa ugani, maana dawa huweza kubaki udongoni, hasa mvua zikiwa chache. Watunza ghala wasioweza kueleza tofauti hiyo wafundishwe kabla ya msimu wa pembejeo kuanza.

Chama kinachotaka kuisaidia shule jirani hakihitaji bajeti kubwa. Kamati yaweza kupeleka kwenye mkutano mkuu pendekezo la kutenga mbegu za vitalu vinne vya shule, kila kimoja hatua kumi kwa kumi: pamba yenye samadi, pamba isiyo na samadi, mtama wenye samadi, na mtama usio na samadi, vyote vipandwe juma moja mvua zinapoanza. Iodini na spiriti hupatikana katika duka la dawa. Karatasi nyeusi na vibanio vya nguo si ghali. Wanafunzi waandike katika daftari, kila juma, majani yapi yamebadilika rangi na mvua imenyesha siku ngapi. Pamba ya vitalu hivyo ipelekwe kituoni siku ya ununuzi, na kabla karani wa mizani hajaandika stakabadhi, wanafunzi wenyewe wasome uzito kwa sauti, kisha wakadirie ni meta ngapi za ujazo za hewa zilizopita katika majani ili kuupata.